Studio ya Vitenge

Siku Atupele alipokwenda kununua maiki, Tunduma ilikuwa na haraka zake za kila siku. Malori yalipanga foleni kuelekea mpaka wa Zambia, wabadilisha fedha walipunga mabunda ya kwacha, na bodaboda walijipenyeza katikati ya watu kana kwamba barabara waliijenga wao. Atupele alivaa gauni la kitenge cha kijani, kilemba cha rangi hiyohiyo, na viatu vya kufunika, maana vumbi la mji ule halina adabu. Aliingia dukani kwa Timotheo, muuza redio na spika, akainyooshea kidole seti iliyong'aa kuliko zote kabatini.

"Nipe hiyo yenye taa," alisema.

Ilikuwa seti kweli. Maiki nene ya rangi ya dhahabu, mkono wa chuma wa kuifungia mezani, na kisanduku chenye vitufe vya kuzungusha vilivyowaka bluu, nyekundu na zambarau. Timotheo alishaanza kuitia kwenye mfuko, uso umemnawiri, sauti iliposikika nyuma yao.

"Samahani, dada. Utarekodia wapi?"

Atupele aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, kitambulisho cha wakala wa forodha kinaning'inia kifuani, na mkononi ameshika waya wa kinanda. Macho yake yalikuwa ya mtu anayecheka kabla hajaambiwa cha kuchekesha. Hilo lilimuudhi Atupele kidogo.

"Chumbani kwangu. Kuna ubaya?"

"Chumba chenyewe kiko wapi?"

"Unataka kunitembelea?"

Timotheo alicheka. Kijana naye alicheka, lakini hakurudi nyuma. "Niambie tu kiko karibu na nini."

"Nyuma ya maegesho ya malori."

"Basi hiyo maiki itakurekodia malori vizuri sana, na wewe utasikika kwa mbali. Aina hiyo inanasa kila kitu, mpaka jirani akipiga chafya. Inataka chumba kilichozibwa. Na katika vitufe vyote hivyo utatumia viwili, vilivyobaki vitakuumiza kichwa bure."

"Jairo, unanifukuzia mteja," Timotheo alisema kwa uchungu.

"Sifukuzi mtu. Mpe ile nyeusi pale chini."

Ile nyeusi haikuwa na taa wala dhahabu. Ilifanana na maiki za kanisani, ila ilikuwa na waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye simu. Jairo aliishika karibu na mdomo, kisha akaisogeza mbali. "Hii inasikia cha mdomoni tu. Ukiisogelea inakusikia, ukiiacha inakusahau. Programu ya kurekodia unapakua bure. Ongeza hedifoni za kufunika masikio yote, ujisikie vizuri bila sauti kurudi kwenye maiki. Umemaliza. Chenji kanunue nyama."

"Na wewe unapata nini katika biashara hii?"

"Namba yako ya simu," alijibu bila aibu. "Nijue kama maiki imefanya kazi."

Atupele alimtazama kuanzia viatu mpaka kitambulisho, polepole, kama anavyotazama kitenge kabla ya kukinunua. Alichukua maiki nyeusi na hedifoni. Namba hakumpa. Alimtajia Timotheo aiandike nyuma ya risiti ya Jairo, ili baadaye asiambiwe kwamba alimpa mwenyewe. Akili za wasichana wa Isansa hizo.

Huko Isansa, kwenye mashamba ya kahawa ya baba yake, mzee Emanueli, ndiko alikoanza kutunga nyimbo akiwa binti mdogo. Aliwatungia kwaya, kwaya ikaimba, watu wakalia na kushangilia. Kisha kwaya ikatoa albamu. Nyimbo bora ndani yake zilikuwa zake, na jina lake halikuwamo hata kwa dawa. Mwimbishaji aliyeitwa Loisi ndiye aliyevuma, na mpaka leo kwenye harusi za kwao Mbozi MC akiziweka husema, "Sasa ule wimbo wa dada Loisi." Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Ndivyo kwaya za kule zinavyokwenda: wimbo ukishafundishwa mazoezini, ni wa kwaya, na mtunzi hupewa soda.

Atupele alimeza uchungu huo. Alihamia Tunduma, akafungua kibanda cha vitenge, na moyoni akaweka jambo moja: wimbo wake utakaofuata utatoka kwanza kwa sauti yake na jina lake. Studio za mjini alizijaribu, zikamshinda. Huko ulilipa kwa saa, na fundi alikuongezea ngoma usizozitaka. Ndiyo maana akataka maiki yake mwenyewe.

Simu ya kwanza aliipokea akiwa anapima kitenge cha mteja.

"Ni mimi, mtu wa waya. Maiki inasemaje?"

"Inasema naimba ndani ya pipa."

"Chumba chako kitupu, sauti inagonga ukutani na kurudi. Tafuta trei za mayai ubandike ukutani."

"Mimi nibandike trei za mayai? Wageni wakija wadhani nafuga kuku?"

Jairo alicheka mpaka mtu wa upande wa pili wa ofisi akamuuliza kulikoni. Jioni Atupele alifikiri mwenyewe. Alihamishia meza kwenye chumba cha stoo hapohapo nyumbani, katikati ya marobota ya vitenge yaliyopangwa mpaka karibu na dari, akafunga kamba na kutundika doti kadhaa mbele na nyuma yake. Alivaa hedifoni, akaimba ubeti mmoja, akausikiliza. Kwa mara ya kwanza alisikia sauti yake kama ilivyo, nzito kidogo kwa chini, na hakuna lori hata moja.

Alimtumia Jairo kile kipande. Simu iliita papo hapo.

"Umefanyaje hapo?"

"Vitenge."

"Atupele, mimi nimetangaza trei za mayai kwa watu miaka yote hii."

"Waombe radhi."

Tangu hapo simu hazikukatika. Jairo alimpigia asubuhi malori yanapoanza kunguruma, alimpigia mchana akila. Kila Jumamosi alikuja kibandani na chipsi mayai, akawauzia wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, vitenge kwa Kibemba chake kibovu. "Mulishani, mama," aliwasalimu, kisha maneno yakamwishia, wakacheka na kununua. Atupele alijua sasa kwamba Jairo alikuwa mwalimu wa kwaya usharikani kwake na mpiga kinanda. Alijua pia kwamba Jumamosi asipomwona, siku haiishi. Alimwita Jai. Yeye alimwita Atu, na akitaka kitu, Atu wangu.

Wimbo ulipoiva aliuita "Moshi wa Asubuhi". Ulimhusu marehemu mama yake, na moshi wa jiko lake uliokuwa ukionekana tangu kilimani, na Mungu anayewasha moto kabla sisi hatujaamka. Kiitikio kilisema: nikiona moshi wako, najua nimefika. Alimtumia Jairo sauti tupu ili atafute kinanda cha kuweka chini yake.

"Nimelia," Jairo alimwambia. "Niko ghalani kwenye mizigo ya watu, nimelia."

"Muongo."

"Muulize mlinzi."

Alhamisi iliyofuata Jairo alifanya kosa ambalo mwalimu wa kwaya peke yake ndiye angelifanya kwa moyo mweupe. Aliupiga wimbo kwenye mazoezi ya kwaya yake, wausikie. Wanakwaya waliupenda, akawafundisha sauti zote nne, na ilipofika Jumamosi, Jenista, jirani wa Atupele nyumbani na sokoni, alimwonyesha video kwenye simu yake.

"Sikiliza wimbo mpya wa kwaya yetu. Si mtamu?"

Atupele alisikiliza mpaka mwisho. Kiitikio kilikuwa chake, moshi ulikuwa wa mama yake, na chini ya video iliandikwa: wimbo mpya wa kwaya, mwalimu wetu Jairo. Alimrudishia Jenista simu taratibu. Kisha alifunga kibanda ingawa jua lilikuwa bado juu, akaenda kukaa stoo, akalia juu ya robota.

Jairo alipopiga, alipokea kwa sauti kavu.

"Mmeshautoa wimbo wangu."

"Umeona? Nilitaka nikushtukize, Atu. Wameupenda mno. Tunauimba kwenye mkutano wa kwaya."

"Nani aliwaruhusu?"

"Mimi nilidhani nakuheshimu. Kwetu kwaya ikiimba wimbo wako, hakuna heshima inayozidi hiyo."

"Hata Isansa walinipa heshima hiyo. Kwenye harusi wanasema ni nyimbo za Loisi." Alimweleza yote kwa mara ya kwanza, albamu, MC na soda. "Ile maiki nilinunua kwa ajili ya hili tu, Jairo. Nisikike kwanza mimi. Na wewe ndiye uliyenichagulia."

Alikata. Maneno ya kusamehe aliyatafuta, hakuyaona. Jairo alipiga tena na tena, kisha akaacha, na wala hilo la kuacha halikumfurahisha Atupele. Alimkasirikia kwa kupiga na alimkasirikia kwa kutopiga. Vitenge aliviuza kwa bei ya hasira, hapunguzi hata senti. Maiki aliifunika na khanga asiione.

Asichokijua ni kwamba Jairo alikuwa amesimama mbele ya kwaya nzima na kuwaambia wimbo ule si wao, yeye ndiye mkosaji, video ifutwe na usiimbwe tena. Walimnung'unikia sana. Sare za mkutano zilishashonwa na wimbo wenyewe ndio waliouringia. Aliyewanyamazisha ni mama Nesta, mwenyekiti wa kwaya, mama mwenye kifua kipana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Mwenye kitu anaombwa," alisema. "Nasi tutamwomba kwao, kwa adabu, kama watu wanaoomba binti."

Hivyo Jumapili mchana, baada ya ibada, Atupele alisikia hodi. Mama Nesta aliingia na wanakwaya watatu, wote wamevaa sare ya kitenge cha zambarau, vilemba vimesimama. Nyuma yao alikuja Jairo na kinanda kwapani, kichwa chini. Atupele aliwakaribisha stoo kwa kuwa ndiko kwenye nafasi ya kukaa. Walikaa juu ya marobota. Jairo alipofungua mdomo, mama Nesta alimwinulia mkono.

"Mwenye shida haongei. Anayeongea ni mshenga." Alijikohoza, akaanza kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. "Mwanangu, tumepita hapa tumeona ua. Tumelipenda. Ukweli ni kwamba tulishalichuma bila kuuliza, na aliyetuongoza ni huyu. Tumelirudisha. Hakuna anayeuimba tena. Sasa tumekuja kuuomba wimbo kwa mwenyewe. Ukitukatalia, tutaondoka kwa amani, na huyu tutamtoza faini."

Atupele alijitahidi kukunja uso, ukakataa kukunjika. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba wimbo. Walikuwa wakiuchukua tu, wakisifia njiani. Alikunywa maji kwanza.

"Wimbo nitawapa," alisema. "Ila utoke kwanza kwa sauti yangu. Na kila mtakapouimba, mtaje jina la aliyetunga kabla hamjaanza."

"Tumekubali. Mahari?"

"Mniimbie kiitikio. Leo."

Hapo ndipo Jairo aliporuhusiwa kufanya kazi. Ile maiki nyeusi husikia cha karibu tu, kwa hiyo ilibidi wanawake wakusanyike mbele yake shavu kwa shavu, vilemba vikigombana. Mama Nesta alisogezwa mpaka mlangoni, kisha nje ya mlango, na bado aliwazidi wote. Lori lilipiga honi ndefu katikati ya ubeti wa pili, wakarudia. Jenista alichungulia kuuliza kuna msiba gani, wakarudia tena. Atupele alitangulia na beti akiwa peke yake, hedifoni masikioni, macho amefumba. Kabla ya noti ya kwanza alisema, "Moshi wa Asubuhi. Mtunzi ni Atupele Mwampashi." Kinanda cha Jairo kiliingia chini ya maneno hayo, kwa upole kabisa, kikamwachia nafasi.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa linakaribia kuzama. Atupele alimtumia baba yake wimbo kule Isansa. Jairo alibaki anakunja nyaya ambazo zilishakunjwa.

"Sasa naruhusiwa kuongea?"

"Ongea."

"Nilikukosea, Atu. Sikukuuliza. Nilijiona najua muziki, kumbe nilikuwa sijakujua wewe."

"Nimekusamehe tangu ulipoingia na kinanda. Ulionekana kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi."

"Basi hili nakuuliza." Aliweka nyaya chini. "Nataka nikuoe. Utanikubali?"

Jibu Atupele alikuwa nalo, lakini lilikuwa kubwa, halikupita mdomoni. Alianza kukunja doti moja ya kitenge, akaikunja vibaya, akaikunjua. Jairo alisimama pale shati limelowa jasho, anasubiri. Simu ikaita. Alikuwa mzee Emanueli, na mzee yule kwenye simu huongea kwa sauti ya mtu anayeita kutoka shamba la pili.

"Mwanangu, nimeusikia. Nimewaita na majirani, wamesikia." Pumzi yake ilisikika nzito. "Moshi wa mama yako kabisa. Na jina umelitaja."

"Nimelitaja, baba."

"Umefanya vizuri. Lile jina nilikuwa nalisubiri." Alijikohoza. "Na huyo anayekupigia kinanda chini ya sauti yako ni nani?"

Atupele aliinua macho. Jairo alikuwa amesikia kila neno, amekauka katikati ya vitenge.

"Huyo ni mchumba wangu, baba," alisema. "Anaitwa Jairo. Anakuja na mshenga wake mkimaliza kuvuna kahawa."