Mwenyeji wa Chumba cha Mwisho

Dalali aliyeisifia nyumba ile mpaka povu likamtoka hakutaka kukanyaga hata kizingiti chake. Siku ya kukabidhi alisimama barabarani, akamrushia Kinyozi funguo kwa mbali.

"Ingia, bosi. Ila piga hodi kwanza. Hata nyumba tupu inataka adabu."

Kinyozi akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Huyu ni mtu aliyenyoa vichwa vya mtaa mzima, na kila kichwa alikiahidi kwamba uzeeni atakula kodi ya wapangaji huku amejinyoosha kwenye kochi. Mkewe alimsihi waanze kidogo.

"Baba watoto, tujenge vyumba viwili hapa hapa uani. Mpangaji tutamwona akiingia na akitoka. Choo kikiziba, tutajua."

"Mimi nianze utajiri kwa kunusa choo?" alifoka Kinyozi.

Basi akauza kibanda cha kunyolea pamoja na viti vyake, akanunua nyumba ya vyumba sita karibu na soko. Ndani hakuingia. Alichungulia dirisha moja tu la mbele, bei ikamchekea, naye akaichekea, mambo yakaisha.

"Hodi!" aliita sasa, kwa mbwembwe zote za mwenye mali.

"Karibu," ilijibu sauti ya upole kutoka chumba cha mwisho. "Pita ndani."

Atakuwa fundi rangi, aliwaza, akavuka kizingiti. Alipogeuka kumuaga dalali, alimkuta amepiga magoti barabarani, amemkumbatia bibi mmoja aliyekonda, pekupeku, ambaye sasa hivi tu hakuwepo.

"Mama! Mama yangu!" dalali alikuwa akilia.

"Madalali wa siku hizi," Kinyozi alijisemea, "wakiuza nyumba wanalia kama wamefiwa."

Chumba cha mwisho kilikuwa kitupu. Sakafu ilikuwa imefagiwa na kunyunyizwa maji, na harufu ya vumbi bichi ilijaa, kama mahali panapongojea wageni. Akaamua kwenda nyumbani. Alifungua mlango wa mbele, akavuka kizingiti, na akajikuta yumo kwenye korido, anatazama chumba cha mwisho. Akarudia. Mara ya tatu alitoka kinyumenyume, amefumba macho, mikono imeshika miimo ya mlango, akihisi kabisa jua la mchana likimchoma kisogo na kusikia wauza nyanya wakigombana kule sokoni, akasema moyoni nimetoka, sasa nimetoka, akafumbua macho taratibu, na mbele yake palikuwa na korido ile ile, na mlango ule wa mwisho, aliokuwa ameufunga mwenyewe, sasa uko wazi, na ndani yake ufagio unafagia bila mtu.

"Mbona haraka?" ilisema sauti, sikioni kabisa. "Hata hujakaa."

Mkewe alimpata kwa simu, akaja na mganga, mama mmoja mfupi mwenye mkoba wa plastiki na maneno machache. Walisimama nje ya dirisha, Kinyozi kashika nondo kama mahabusu.

"Ulipoingia ulipiga hodi?" mganga alinong'ona.

"Nilipiga, mama."

"Ukakaribishwa?"

"Nilikaribishwa."

"Na nani?"

Kinyozi aligeuka kutazama chumba cha mwisho. Ufagio ulikuwa umeacha kufagia.

"Basi wewe ni mgeni wake," mganga alisema. "Mgeni haondoki mpaka mwenyeji amruhusu, na huyu hapendi kukaa peke yake. Atakuachia siku mwingine atakapopiga hodi na kukaribishwa. Wewe, bibie, usithubutu."

"Mfukuze, basi!"

"Nimfukuze kwake?" Mganga alifunga mkoba wake, akaondoka bila kugeuka.

Ikawa hivyo. Mkewe alimletea chakula kupitia nondo, na Kinyozi akawa anawanyoa watu pale pale dirishani, wao wamesimama nje na kichwa kimeegemea chuma, naye anawachekesha kwa nguvu ili wasisikie kinachofagia nyuma yake. Mchana mmoja akaja muuguzi anayetafuta chumba, mtoto mgongoni, mkono tayari umeinuliwa mlangoni. Kinyozi alihisi hewa ya nje ikimgusa miguu. Neno moja tu la yule dada, naye angekuwa barabarani.

"Dada, usigonge!" alipiga kelele. "Kuna kunguni humu, wakubwa kama kobe!"

Muuguzi alikimbia. Kinyozi akateleza chini ya dirisha, akalia, kisha usingizi ukambeba hapo hapo sakafuni.

Hakuisikia sauti yake mwenyewe ikitoka chumba cha mwisho, ikigumia, "Mama watoto, nakufa… mama watoto…" Mkewe ndiye aliyeisikia, akitokea kona na chakula mkononi. Alikitupa chakula, sufuria na vyote, akauvamia mlango kwa ngumi, na katika kuchanganyikiwa ulimi ukatoa neno ulilolizoea maisha yake yote.

"Hodi! Hodi, mume wangu!"

"Karibu, mke wangu. Pita ndani."

Kinyozi alizinduka barazani, pekupeku, jua usoni. Mlango umefungwa. Vidole vya mkewe vilikuwa vimeng'ang'ania nondo.

"Baba watoto," alisema polepole, kama mtu anayeuliza njia, "mbona natoka, lakini sitoki?"

Wiki ile Kinyozi hakumchekesha mtu. Alisimama ukingoni mwa soko, mbele ya nyumba ile, na funguo mkononi, akisema na kila aliyeonekana kutafuta makazi, mpaka akatokea yule muuguzi.

"Kaka, ni wewe? Vile vyumba bado vipo? Si ulisema kuna kunguni?"

Kinyozi alimtazama mtoto aliyelala mgongoni, shavu limebonyea begani kwa mama. Akageuka kutazama dirishani. Vidole bado vilikuwepo.

"Tulishapuliza dawa, dada yangu," alisema. "Nenda tu, mimi nakusubiri hapa nje. Ila piga hodi kwanza."