Mawaridi ya Morwenna Yasipauke

Kila Jumapili baada ya chakula, Tamsin alikwenda kwa mama yake, Morwenna, kumsaidia kupalilia mawaridi. Bustani ilikuwa ndogo, lakini mawaridi yake mekundu yalisifiwa Cornwall nzima, kule kusini-magharibi mwa Uingereza. Angalau ndivyo Morwenna alivyodai.

Sasa miguu yake ilikuwa imechoka, na nyumba ilikwisha kuuzwa. Maua yakishapukutika, angehamia nyumba ya wazee, kwenye chumba kisicho na hata kibaraza.

"Nichoree mawaridi yangu niende nayo," alimwambia Tamsin. "Lakini yasiwe kama yale ya mwaka jana."

Tamsin aliona haya. Picha ya mwaka jana ilitundikwa mahali penye jua kuliko pote sebuleni. Watu wa huko hulikosa jua kwa miezi, basi likitokea, kila kitu kizuri hupelekwa kuliota. Kabla ya baridi kurudi, maua ya kwenye picha yalikuwa yamepauka kama uso wa mgonjwa. Majani peke yake ndiyo yaliyosalia.

"Una kisanduku cha rangi arobaini na nane, na bado unalia?" mumewe, Jory, alimtania. "Labda ulisahau kutia chumvi."

"Kaa kimya, kapike viazi."

Tamsin alikipeleka kisanduku hicho kwa jirani yake, Bibi Thirza, aliyekuwa akichora kwa rangi za maji tangu usichana wake. Bibi Thirza alichovya brashi, akapaka kidogo kwenye karatasi, akangoja ikauke.

"Mwanangu, hii ni chaki. Ona ilivyofifia, kama ukuta wa chokaa. Rangi njema inaruhusu weupe wa karatasi uonekane ndani yake. Hii imeuziba."

Kisha akaleta karatasi yenye michirizi ya rangi. Nusu ya kila mchirizi alikuwa ameifunika kwa kadi, na karatasi hiyo ilibandikwa dirishani kiangazi kizima kilichopita. Alipoiondoa kadi, Tamsin alishika mdomo. Mchirizi mmoja wa rangi ya waridi yenye kung'aa ulikuwa umetoweka kabisa upande wa jua. Lakini nyekundu ya chini yake ilikuwa ileile pande zote mbili, safi kama imepakwa asubuhi hiyo.

"Ajabu! Hii ni rangi gani?"

"Twende dukani ukaijue mwenyewe."

Dukani, mjini Penzance, Tamsin alidaka tyubu ya rangi iliyoandikwa "Busu la Alfajiri".

"Jina tamu," alisema Bibi Thirza. "Geuza nyuma. Jina ni la muuzaji. Hizi herufi na namba ndizo zinazokwambia rangi imetengenezwa kwa kitu gani."

"Hapa kuna namba nne."

"Basi ni mchanganyiko. Ukiichanganya tena na nyingine utapata tope. Tafuta yenye moja. Halafu soma alama ya kustahimili mwanga. Kila kampuni ina yake, usipoielewa, uliza. Aibu ya kuuliza ndiyo iliyokuuzia chaki."

Tamsin alisoma, akarudisha, akasoma tena. Mwishowe akapata nyekundu yenye namba moja tu, PV19, na Bibi Thirza akamthibitishia kuwa ndiyo ileile iliyolishinda jua la dirishani. Akaongeza njano, buluu na kahawia.

"Na kijani?"

"Utakichanganya. Mikono unayo."

Siku ya kuchora, Tamsin alikaa bustanini, akaazimia kuchora kila ua na kila jani kama lilivyo. Aliweka tone dogo la nyekundu kwenye karatasi yenye maji, nalo likasambaa lenyewe taratibu, likawa zito katikati na jepesi pembeni, kama ua linalofunguka. Hakuamini macho yake. Siku zote alidhani mkono wake ndio mbovu.

"Sasa isitundikwe mbele ya jua," Bibi Thirza alimwonya. "Nguo njema nayo haianikwi mwaka mzima."

Morwenna alihama na picha yake, ikatundikwa ukutani kando ya kitanda, mbali na dirisha. Bustani ile wenye nyumba wapya waliimwagia saruji wakaegesha magari.

Mwaka ulipozunguka, Tamsin alimkuta mama yake ameisogelea picha, miwani puani. Mawaridi yalikuwa mekundu vilevile. Lakini Morwenna alikuwa amekunja uso.

"Kuna nini, Mama?"

"Jani hili la chini lina madoa meusi," alisema mama yake. "Hukuona? Mawaridi yangu yanaugua, nawe umekaa tu. Lete dawa."