Ndoo ya Dawa Mbili

Kila Jumamosi asubuhi kazi za chumba cha kufulia ziligawanywa hivi: mama alipeleka nguo kwa wateja, bibi alipiga pasi, na binti wa nyumba, mwenye miaka kumi na miwili, alisuuza na kuanika. Bibi alikuwa amembandika jina la Profesa, kwa sababu tangu darasa lao lianze kusoma habari za atomu na seli, hakuweza kukupa hata kikombe cha maji bila kukueleza kilichomo.

"Bibi, haya maji ni haidrojeni na oksijeni."

"Na mimi nilidhani ni ya kunywa," bibi alijibu, akaendelea na pasi yake.

Siku hiyo kulikuwa na koti jeupe la mwalimu wa sayansi, lenye doa la kutu mfukoni. Mama aliliweka kando. "Hilo usiliguse. Nitalishughulikia mwenyewe nikirudi." Akajitwika furushi, akatoka.

Sikio la kufa halisikii dawa. Profesa alijiona tayari mbele ya darasa, mwalimu akiuliza ni nani fundi aliyelitakatisha koti lake. Chini ya meza kulikuwa na chupa mbili za plastiki, zile zile zinazouzwa zikiwa na maji ya kunywa. Yenye uzi mwekundu shingoni ilikuwa na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Yenye uzi mweusi ilikuwa na tindikali ya kusugulia choo. Ndivyo mama alivyozitofautisha miaka yote. Profesa alilitia koti ndani ya ndoo, akajaribu ile ya kwanza, doa likazidi kuwa kahawia. Basi akajiambia kwamba moja ikishindwa, mbili zitaweza, akamimina na ya pili.

Ndoo ilitoa povu. Harufu kali ikampanda puani, machozi yakamtoka.

"Ni nini hicho kinachochoma koo?" bibi aliuliza bila kugeuka. Dirisha lilikuwa limefungwa ili vumbi lisiingie kwenye nguo.

"Sabuni tu, Bibi."

Aliisukuma ndoo chini ya meza ya pasi, akaifunika kwa ubao usioienea, akatoka uani kuanika nguo. Kuchanganya dawa lilikuwa kosa la kutojua. Kuificha ndoo miguuni pa bibi lilikuwa kosa la makusudi, na alilijua.

Aliporudi, bibi alikuwa ameishikilia meza kwa mikono miwili, akikohoa bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Profesa alichomoa pasi, akamshika bibi kwapani, akamkokota hadi uani huku akipiga kelele. Mama ndiyo kwanza alikuwa akifika mlangoni. Jirani mwenye gari aliwakimbiza kituo cha afya, na njia nzima Profesa alihesabu pumzi za bibi, akiogopa kila moja isiwe ya mwisho.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alimvalisha bibi barakoa yenye mvuke wa dawa. Baada ya muda kikohozi kilipungua.

"Ana pumu?" daktari aliuliza.

"Hajawahi," mama alijibu. "Alikuwa anapiga pasi tu."

"Kuna kitu chochote alichovuta?"

Mama alimgeukia bintiye. Profesa aliliona akilini koti lililoharibika, akaona na hasira za mama.

"Hakuna," alisema.

Daktari alianza kuandika. "Basi huenda ni vumbi. Akipumzika nusu saa mtarudi naye nyumbani. Ningekuwa na wasiwasi kama angevuta gesi kali, maana hiyo hudanganya. Mgonjwa hupata nafuu, halafu baada ya saa kadhaa mapafu hujaa maji."

Bibi, aliyesikia habari ya kurudi nyumbani, alianza kutafuta viatu vyake kwa miguu. Profesa alimtazama akivitafuta, akashindwa kuvumilia.

"Daktari, nimesema uongo! Nilichanganya dawa ya nguo na ya choo. Nikaificha ndoo chini ya meza yake."

Mama alishika kichwa. Daktari hakupoteza muda na lawama. Aliita muuguzi alete mtungi wa oksijeni, akaamuru bibi alazwe.

Saa kumi alasiri pumzi za bibi zilianza tena kukoroma, kama daktari alivyohofia. Lakini safari hii oksijeni ilikuwa kando ya kitanda na muuguzi alikuwa hapo hapo. Kufikia magharibi hali ilitulia, bibi akaomba uji.

Ndipo daktari alipomwita Profesa pembeni. "Bibi yako ananiambia umesoma atomu, sivyo? Atomu za klorini zimo hata kwenye chumvi tunayokula. Zikishikana na sodiamu hazina madhara. Kwenye dawa ya nguo pia zimeshikiliwa. Wewe ulipotia tindikali, ulizifungulia, zikaungana mbili mbili, zikawa gesi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa mapafu hugeuka tindikali, na seli za mapafu ni laini, haziwezi kuhimili. Kujua nusu ya jambo ni hatari, mwanangu. Unapoifikia ile nusu usiyoijua, uliza."

Profesa aliitikia kwa kichwa, akarudi kitandani. Mama alikuwa ameketi, mkono wa bibi ukiwa mikononi mwake.

"Mama, nisamehe. Nimeharibu koti, na nimemuumiza Bibi."

"Koti nitazungumza na mwalimu," mama alisema. "Na mimi nina kosa langu. Dawa haikai kwenye chupa ya maji, wala uzi si maandishi. Kesho tutazitafutia vyombo vyake na kuandika majina." Akamvuta bintiye karibu. "Kuchanganya dawa nimekusamehe, hukujua. Lakini lile neno 'hakuna' ulilomwambia daktari ulilijua. Ukikosea, mwanangu, sema upesi. Ungechelewa nusu saa tu, leo ningekuwa sina mama."