Ripoti ya Olweny

Kila Jumamosi jioni, nyumbani kwa Kanali mstaafu Oyet hapa Kibuli, wajukuu husimama wima mmoja mmoja na kutoa ripoti ya wiki. Mzee alianza desturi hiyo walipokuwa wakiishi kambini, na hata sisi majirani hatusamehewi. Mjukuu wake Olweny aliipenda ripoti kuliko chakula, maana hapo ndipo alipojisifu.

Olweny ndiye aliyekuwa kiongozi wa skauti shuleni kwetu. Kiongozi gani! Alipewa filimbi akadhani amepewa nchi. Alitubebesha mkoba wake, na ukimshauri anakujibu kwamba jeshini hakuna mjadala. Jeshi lenyewe alilijua kwa kusikia tu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Jumamosi moja tulishindana na shule nyingine kutafuta njia ya kwenda Port Bell. Olweny alitazama ramani kwenye simu ya mwalimu, akachagua njia ya mkato. Babra, skauti mwenzetu ambaye kwao ni Luzira, jirani na Port Bell, alimwambia kwa upole kwamba pale pana kinamasi na mvua ya juzi imekijaza. Olweny akamcheka mbele ya wote, akatuamuru twende. Tulizama matopeni hadi magotini, tukafika wa mwisho.

Mwalimu alipouliza, Olweny alijibu bila haya kwamba Babra ndiye aliyetupotosha. Mwalimu akaamua kwamba Jumatatu Babra atarudisha skafu yake na kuacha uskauti. Maskini, alilia njia nzima. Nasi tuliojua ukweli tukanyamaza kwa woga. Mimi Farhana najidharau kwa hilo mpaka leo.

Jioni ile tulipitia kwa Kanali, na Olweny akarudia uongo wake, kifua mbele. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatazama viatu vyetu. Vyetu vilijaa matope. Vya Olweny vilikuwa vikavu. Akaniuliza kamanda alikuwa wapi wenzake walipozama. Hapo sikuweza kunyamaza tena. Nikamwambia kwamba alisimama ukingoni akipiga filimbi, kisha akazunguka kwa barabara.

Mzee hakumpiga. Alitusimulia kwamba vitani, akiwa meja, mama mmoja wa kijijini alimwonya kuwa mto umefurika. Alimfukuza, kwa kuwa mama huyo hakuwa na cheo, akaamuru wavuke. Askari wake wanne wakafa maji.

"Nikaandika kwenye ripoti kwamba yule mama alitudanganya," alisema. "Yeye akafungwa, mimi nikapandishwa cheo. Cheo hicho nakidharau, na aliyekipokea namdharau zaidi. Nilipopata ujasiri wa kusema kweli, mama alikuwa ameshakufa. Wewe una hadi Jumatatu."

Jumatatu, Olweny alisimama mbele ya shule nzima, akasema yote na kumwomba Babra msamaha. Mwalimu naye akakiri kwamba alihukumu bila kumwuliza Babra. Babra akabaki skauti. Olweny akavuliwa uongozi.

Kanali alikuwa amekuja kushuhudia. Olweny akamwendea, kichwa chini, akamwuliza kama ataweza kuwa kiongozi tena.

"Tena? Hujawahi kuwa," mzee alimjibu. "Kiongozi humsikiliza anayeijua njia, hata kama hana cheo, na mambo yakiharibika hulaumiwa yeye kwanza. Leo ndiyo umeanza."