Mimba ya Marehemu

"Huyo mtoto ni wa Selestini," mama alisema, mikono ikiendelea kupepeta choroko.

Limbu alimgeukia mama yake. Selestini, mume wa kwanza wa Anyesi, mchumba wa Limbu, alikuwa na miaka mitatu kaburini. Mimba ya Anyesi ilikuwa ya miezi mitatu.

"Mayu, marehemu anampaje mtu mimba?"

"Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

Na kweli ni yeye, jamani. Ulimi uliponza kichwa. Ilikuwa mwaka 2003, ushirika wa pamba hoi, wanunuzi binafsi wanagombania mizani, yeye akapata kibarua cha maana Bariadi kwenye mradi wa ndorobo, wale mbung'o wanaoeneza malale. Anawapasua majike, anatoa kifuko kidogo kinachotunza mbegu za dume, kinapelekwa kupimwa vinasaba ijulikane mbegu ni za dume yupi. Siku moja nyumbani Ngulyati akamweleza mama, kwa kujidai kabisa, kwamba ndorobo jike akipandwa mara moja tu, anatunza mbegu za yule dume na kuzaa nazo mpaka anakufa.

Mama alisikiliza vizuri mno. Sasa ameshaueleza ukoo mzima, na posa imesimamishwa.

"Yule ni mdudu, mayu. Huyu ni mtu."

"Jike ni jike. Ng'ombe zangu haziendi kwa mtoto wa marehemu."

Limbu alibembeleza wiki mbili, wapi. Mwisho akamtumia Anyesi meseji: "Mpz nimepata njia. Kesho saa nne, mgahawa wa stendi."

Anyesi alikuja mbio, maskini, gauni limeanza kumbana. Limbu akamwagizia chai, akamweleza huku anatabasamu: mtoto akizaliwa watachukua damu yake, bosi wa mradi amekubali kuipeleka maabara, majibu yakija mama atanyamaza.

Anyesi aliweka kikombe chini.

"Tupime ili nani ajue?"

"Ili sote tuwe na uhakika, mpenzi."

Sote. Mwanaume alilitamka bila hata kulisikia.

Anyesi alisimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikutetemeka.

"Mama yako nimemsamehe, yeye hajui. Wewe unajua, Limbu. Unajua na bado unataka kupima."

Alipanda gari la Maswa siku hiyohiyo, kwa wazazi wake. Limbu alipiga simu mwezi mzima, haipatikani. Mtoto alizaliwa wa kike, akaandikwa ubini wa babu yake mzaa mama. Limbu habari hizo alizisikia kwa watu.