Nane Iliyofutwa Nusu

Kila siku baada ya masomo, Chinmayi alikwenda ofisini kwa baba yake akafanya kazi za shule hadi mama yake atoke kazini. Baba, Dokta Raghavendra Adiga, alikuwa mwanafizikia katika taasisi moja ya utafiti nje kidogo ya mji wa Bengaluru, India. Aliandika ubaoni, akanywa kahawa ya maziwa katika kikombe cha chuma, akafuta, akaandika tena. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na alilipwa kwa mkataba.

Ubaoni palikuwa na mnyororo mrefu wa maduara, kila duara na namba ndani yake. Yaliwakilisha maumbo yaliyojikunja katika ulimwengu wa vipimo sita, ambao hakuna aliyewahi kuuona kwa macho. Lakini kanuni yake hata mtoto aliiweza: duara lenye moja husinyaa likatoweka, na kila jirani yake hupungukiwa na moja. Andika mbili, tatu, moja, mbili, kisha yasinyaze. Utabaki na ubao mtupu. Chinmayi aliucheza mchezo huo tangu darasa la tatu.

Mnyororo wa baba ulikwama kila mara kwenye nane. Kama ungekwisha wote, angekuwa amepata nadharia mpya, na huenda wangempa kazi ya kudumu. Mkataba wake ulikuwa ukingoni.

"Eti mnahama?" Bhoomika, jirani yao, alimuuliza Chinmayi. "Mama anasema baba'ko ni wa muda tu. Nyumba yenu ya taasisi watapewa wengine."

"Muongo wewe! Hatuendi popote."

"Haya, bisha. Mkihama usije kulia kwetu."

Mchana huo baba alipotoka kuongeza kahawa, Chinmayi aliukodolea macho ubao. Nane moja tu ndiyo iliyowatesa! Akalamba kidole, akafuta upande wa kushoto wa ile namba. Ikabaki tatu.

Baba aliporudi, alisimama katikati ya chumba.

"Ala! Kumbe hii ni tatu? Mwandiko wangu huu utaniua!" Akasinyaza duara moja baada ya jingine mpaka hakikubaki kitu, akamnyanyua binti yake juu. "Chinnu, umekwisha! Umekwisha wote!"

Chinmayi akacheka naye, huku akipangusa kidole chenye chaki kwenye sketi. Mtu makini angerudia hesabu tangu mwanzo. Baba alikuwa makini miaka yote, ila siku hiyo alikuwa na hofu ya kukosa kazi, na furaha ikamfikia kabla hajakagua. Akampigia simu mwenyekiti wa kamati ya ajira kumpa habari.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya kamati kumsikiliza. Chinmayi aliomba kumsindikiza. Mlangoni akamshika baba mkono.

"Appa, usiingie kwanza."

"Nini tena? Wananingoja."

"Ile tatu ilikuwa nane. Niliifuta mimi."

"Umefanya nini?"

"Nilitaka tusihame."

Baba hakumfokea. Afadhali angemfokea. Aliegemea ukuta. Ndani mwenyekiti akaita kwa furaha, "Karibu, Adiga! Leo tuna sherehe!"

Baba akaingia na kuuacha mlango wazi. Chinmayi alimsikia akisema, "Samahani. Habari niliyokupa jana si sahihi. Mnyororo haukwishi."

"Kosa limetoka wapi?"

"Ni langu. Sikurudia hesabu."

Hakumtaja mwanawe hata kidogo.

Ukipenda, jidanganye kwamba wale wazee wa kamati waliuona uaminifu wake wakampa kazi. Hawakumpa. Walimpa mkono wa pole, na kazi wakampa mtu kutoka mji wa Pune. Inauma, na sina namna ya kuipunguza makali.

Siku ya kufunga mizigo, Chinmayi alishindwa kujizuia.

"Appa, ningenyamaza wangekupa."

"Wangenipa, ndiyo." Baba aliweka kitabu kwenye boksi. "Halafu kijana mmoja mahali fulani angejenga kazi yake juu ya tatu yako. Ingegoma, naye angejiona mjinga miaka mizima, kumbe tumemdanganya sisi. Uliniambia kabla sijaingia, na kwa hilo nakushukuru. Lakini usidhani kukiri kumefuta ulichofanya. Unisikilize vizuri: ukimpenda mtu, usimtengenezee uongo ili afurahi. Kaa naye katika shida yake. Mimi nilihitaji hilo tu."

"Unanichukia?"

"Hata kidogo. Nina hasira, na zitanikaa kwa muda. Lete hiyo kamba."

Chinmayi akaileta. Yeye akashika boksi, baba akafunga.