Gari Lisilotaka Kuisha

Lile gari dogo la plastiki lilikuwa limekamilika kila mahali ila mlango wa dereva. Rangi ilikuwa safi, magurudumu yakizunguka, na mikanda ya viti ilikuwa imebandikwa kwa ustadi uliomtia wivu hata Thuranira, ambaye kazi yake mjini Meru ni kutengeneza meno bandia. Kwenye karatasi ya maelekezo kila hatua ilikuwa imetiwa tiki kwa penseli. Ilibaki ya mwisho tu, ya kubandika mlango, na hapo penseli ilikuwa imesokotwa hadi karatasi ikatoboka.

"Mzee alishindwa na kazi ya dakika mbili," Thuranira alicheka. "Miaka kumi na moja! Uvivu mwingine ni kipaji."

Boksi la gari lile alipewa na mzee Kiogora wa Laare. Alilitoa bure, kwa haraka, akiwa amesimama langoni, wala hakumkaribisha mgeni hata chai. Thuranira alishangaa kidogo, maana Mmeru wa kukunyima chai lazima awe na msiba, lakini furaha ya kupata gari la mashindano la zamani namna ile ilimziba macho.

Walikuwa watatu wenye ugonjwa mmoja: kununua magari madogo ya plastiki ya kuunganisha, kuyaanza kwa moto, kisha kuyatupa juu ya kabati yaliwe na vumbi. Mbali na Thuranira kulikuwa na Ciku, mchoraji wa ramani za nyumba, na Lennox, fundi wa simu. Mwaka huo waliapa kwamba hakuna atakayenunua boksi jipya kabla ya kumaliza yaliyolala, na kila Jumamosi alasiri wakawa wanakutana sebuleni kwa Thuranira, juu kidogo ya soko la Gakoromone. Sheria yao ilikuwa moja. Ukikwama, unampa mwenzako kipande chako akimalizie.

Kawira, mke wa Thuranira, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akikaa nao kwenye kochi akifuma sweta la mtoto. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kwanza ziliharibika, na hii ya tatu ilifanya nyumba nzima itembee kwa kunyata. Thuranira alikuwa akimwombea yule mtoto hata akiwa anachonga meno ya watu, na hakuona haya kusema hivyo.

Jumamosi hiyo alitia gundi ukingoni mwa mlango, akaushika kwa kibano, akaupeleka mahali pake. Mkono ukafa ganzi. Haukutetemeka, ulikufa tu kuanzia kiwiko, na kibano kikaanguka mezani. Akajaribu tena, ikawa vilevile.

"Leta hapa, babu," Ciku akasema, akaubandika mlango kwa pumzi moja. "Haya! Imeisha. Mpigie mzee umwambie."

Wakapiga makofi. Makofi yalipotulia, wote wanne wakasikia kitu kidogo kwenye kabati la vyombo: *tk*. Kisha kwenye dirisha: *tk*. Kisha kwenye mlango wa jikoni. Ilikuwa sauti ya mtu anayejaribu vitasa kimoja baada ya kingine, ila vitasa vyenyewe havikusogea.

"Ni mbao zinalegea na hii baridi," Lennox alisema.

Wiki iliyofuata ikaja harufu ya thina, ile ya kuchanganyia rangi, ingawa Thuranira alikuwa amefunga makopo yote na kuyapeleka kazini. Haikutoka sebuleni. Ilitoka kwenye chumba cha nyuma, chumba cha mtoto, ambacho tangu wajenge hakikuwa na plasta wala mlango, ni matofali matupu na shimo la fremu. Mchana kweupe, jua likiwa limewaka, Kawira alisimama pale akaita kwa sauti ndogo.

"Baba Mtoto. Njoo uguse hii ukuta."

Thuranira akagusa. Matofali yalikuwa na joto, tena joto la ndani, na chini ya kiganja chake ukuta ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu. Akarudisha mkono akauficha mfukoni.

"Si unasikia?" Kawira alinong'ona. "Inapumua."

"Toka hapa. Usiingie tena."

Mchungaji wao alikuja akaomba, na siku mbili zikapita kimya. Siku ya tatu harufu ikarudi, kali zaidi. Thuranira akanunua simenti ili akizibe kile chumba mwenyewe, lakini kila alipoinua mwiko mkono wake ulikufa ganzi, na simenti ikamgandia kwenye karai huku akilia kwa hasira na woga.

Wenzake hawakumcheka. Lennox alikuja na binamu yake fundi, wakapiga plasta kuta nne kwa siku mbili, na Ciku akasimamia kufungwa kwa mlango na kitasa chake. Saa ile skrubu ya mwisho ilipokazwa, harufu ilikatika. Walikaa wakanywa chai, na Kawira akacheka kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Kesho yake, alipoingiza mkono kwenye kikapu chake cha kufumia, alikuta sweta la mtoto lina joto, limelowa kidogo, limebonyea katikati mahali kitu kilikuwa kimelala, na zile sindano mbili zilizochomekwa kwenye uzi zilikuwa zikigongana zenyewe polepole, *tk, tk, tk*, na harufu ya thina ikampanda puani hadi akatapika pale pale sakafuni. Alijaribu kufuma ili amalize, maana mkono mmoja tu wa sweta ulikuwa umebaki, lakini vidole vyake vilikufa vyote kumi.

"Ciku achukue," alimwambia mumewe. "Ciku anaweza. Wewe nenda Laare umuulize huyo mzee alitupatia nini."

Thuranira alifika Laare saa tisa alasiri. Mzee Kiogora alikuwa ameketi nje akifunga vifurushi vya miraa, na alipomwona mgeni wake aliacha kazi.

"Mlimaliza," alisema. Halikuwa swali.

"Tulimaliza, mzee."

"Mkono yako ilikubali?"

"Ilikataa. Rafiki ndiye alibandika."

"Woi, kijana." Mzee akashusha sauti, akatazama nyuma yake kabla ya kuendelea. "Mimi nikishika ile mlango, mkono inakufa. Miaka yote. Nilidhani ni baridi yabisi, kumbe ni mwenyewe hataki nyumba yake iishe. Hiyo jini haiwezi kaa kwa kitu imekamilika. Inataka kitu ya katikati. Ikipata, inatulia, na mwenye kitu haimalizi hata afanye nini. Lakini mtu mwingine akikuja akumalizie, inatoka, inatafuta ingine. Hapo hapo kwa boma yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungechukua?"

Thuranira alitaka kumshika shati. Badala yake akauliza, "Na ikikosa kitu ya katikati?"

"Kwenu umekosa?" mzee aliuliza polepole. "Fikiria vizuri. Ni nini kwako haijaisha?"

Thuranira akafikiria, kwanza gari, ambalo lilikuwa limeisha kama yale mengine yote ya juu ya kabati, kisha chumba, ambacho kilikuwa kimepigwa plasta na kufungwa mlango na watu wanaompenda, kisha sweta, ambalo saa hiyo lilikuwa mikononi mwa Ciku na Ciku hajawahi kuacha kitu njiani, na baada ya sweta akili yake ikatembea nyumba nzima, chumba kwa chumba, ikitafuta kitu kingine chochote, kiti kibovu, ua, bomba, chochote, ikakuta kila kitu kizima na kimetimia, hadi ikafika kwenye kochi alipokuwa ameketi mke wake mwenye mimba ya miezi saba.

Alitoa simu, akakosea namba mara mbili.

"Ciku! Hiyo sweta usimalize. Wacha vile iko."

"Ai, si nimeshamaliza? Nimekata uzi sasa hivi." Sauti ya Ciku ilikuwa na furaha. "Na nyumba imenyamaza kabisa. Hata harufu imeisha. Ngoja, Kawira anataka kukuambia kitu."

Simu ilibadilisha mikono.

"Baba Mtoto," Kawira alisema, akinong'ona. "Amecheza. Amegeuka mara moja, kama mtu anatafuta vile atalala. Sasa ametulia."

Usiku na mchana uliofuata Thuranira alibomoa. Aling'oa mlango wa gari kwa kisu, akafumua sweta hadi likawa uzi mtupu, akaangusha plasta na mlango wa chumba cha mtoto, akiita kwa sauti, akibembeleza, akitukana, akikiomba kile kitu kirudi mahali pake pa zamani. Nyumba ilikaa kimya, inanukia sabuni tu. Kile kitu kilikuwa kimepata mahali penye joto kuliko matofali.

Hiyo ilikuwa Oktoba. Desemba, mwezi wa kujifungua, ulipita, na Krismasi ikapita, na walimu wenzake Kawira waliokuwa na mimba pamoja naye wakajifungua na kuanza kunyonyesha. Yeye hakuwa na uchungu wala maumivu. Alikula vizuri na kulala vizuri, na jioni alimwita mumewe ashike tumbo, naye Thuranira alishika, kwa sababu alimpenda yule mtoto na kumwogopa kwa kiasi kile kile.

Februari walimwona daktari wa tatu. Alikuwa kijana mpole. Alipitisha kile kifaa cha picha juu ya tumbo mara mbili, akatazama kioo, akatazama kadi ya kliniki, akatabasamu.

"Mama, hapa tarehe mlihesabu vibaya, lakini msijali, wengi hukosea," alisema. "Mtoto yuko sawa kabisa, moyo unapiga vizuri. Ana miezi saba."